UZI: Adapta inabadilisha plagi, haibadilishi umeme. Tusome kibandiko kabla ya kuchomeka vifaa vya kutoka nje

Fundi Tabata (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Mama yangu ana pumu tangu mimi nikiwa mdogo. Mwezi wa pili dada yetu anayeishi Minneapolis alimnunulia mashine ya mvuke, ile nebulaiza, mpya ndani ya boksi lake, akampa mtu aliyekuwa anakuja Dar. Ilifika jioni. Mimi nilikuwa Morogoro navuta waya kwenye nyumba ya watu. Mdogo wangu akanipigia: "Kaka, plagi yake ina miguu miwili bapa, haiingii ukutani." Nikamjibu nikiwa juu ya ngazi: "Kanunueni adapta hapo dukani." Wakanunua, ikaingia vizuri, wakaiweka mashine karibu na kitanda.

Saa tisa usiku mama akabanwa kifua. Wakatia dawa kwenye kikombe, wakamvalisha barakoa, wakawasha. Mdogo wangu anasema ilinguruma kwa sauti kubwa, mvuke ukatoka mwingi, na kabla hajahesabu hata thelathini ikaja harufu ya waya unaoungua, kisha kimya. Wakampakia mama kwenye bajaji mpaka hospitali. Amepona, namshukuru Mungu, na leo yuko nyumbani anachambua mchele.

Mashine niliifungua mwenyewe niliporudi. Koili ya mota ilikuwa nyeusi tii, na ile vanishi inayofunika waya wa shaba ilikuwa inabanduka kama maganda ya kitunguu. Chini ya mashine kuna kibandiko cha rangi ya fedha, maandishi yanasomeka bila miwani: 120V~ 60Hz. Mimi ni fundi umeme, mwaka wa 14 huu. Swali moja tu kwenye simu, "hebu nisomee pameandikwa nini hapo chini," na mashine ya mama ingekuwa nzima. Sikuuliza. Ndiyo maana nafungua uzi huu, ili mwingine aulize.

Kinachotuponza kwanza ni hilo neno adapta. Madukani kwetu linabeba vitu vitatu tofauti. Kuna kile kidude cha kuingizia plagi ya kigeni kwenye soketi yetu. Ndani yake mna vipande vya shaba tu, umeme unaoingia ndio huohuo unaotoka. Kuna kile kiboksi cheusi cha laptop, nacho tunakiita adapta. Na kuna transfoma ya kushusha umeme, ambayo baadhi ya wauzaji nao wanaiita adapta ya mia na kumi. Ukienda dukani ukasema "naomba adapta ya kifaa cha Marekani" utapewa kile cha kwanza, kwa sababu ni cha bei rahisi na kifaa kinaingia.

Umeme wa Tanzania ni volti 230, hezi 50 (hezi, ile Hz ya kwenye kibandiko, ni idadi ya mawimbi ya umeme kwa sekunde). Kenya na Uganda ni 240, hezi 50. Marekani na Kanada ni 120, hezi 60. Japani ni 100. Sasa chukueni pasi ya Marekani ya wati 1500. Kwao inavuta ampea 12 na nusu. Ichomeke hapa kwa kile kidude: waya wake wa joto ni uleule, volti zimekaribia maradufu, kwa hiyo inavuta karibu ampea 24, na joto linapanda mpaka wati 5,500 hivi. Volti zikizidi mara mbili, joto linazidi mara nne. Kwenye mota ni balaa la namna nyingine: chuma kilicho ndani ya koili kina kiwango chake cha kubeba sumaku, kikishashiba koili inavuta umeme bila breki mpaka vanishi inaungua. Ndicho kilichoipata mashine ya mama.

Chaja za simu na laptop haziungui, na watu wengi wanadanganyika hapo: "mbona chaja ya iPhone ya Marekani naitumia kila siku?" Geuza hiyo chaja usome. Imeandikwa INPUT 100-240V~ 50/60Hz. Ndani yake umeme wa ukutani unageuzwa kwanza kuwa DC, yaani umeme wa mwelekeo mmoja kama wa betri, halafu unakatwakatwa maelfu ya mara kwa sekunde na saketi inayojirekebisha yenyewe, hivyo inakubali wa Tokyo, wa Chicago na wa Tabata. Chaja kama hiyo inahitaji plagi tu. Kifaa kilichoandikwa 120V peke yake, au 110V, au 100V, hicho hakichomekwi hapa mpaka kipitie transfoma.

Kwa ufupi, ukiona miguu miwili bapa ujue ni 110, simama kwanza.

Karibuni, mwenye swali aulize, mwenye yaliyomkuta aseme.

---

Binti Pangani

Pole sana kaka, na mama apate afya njema. Nina pasi ya nywele niliyoletewa na shangazi kutoka Atlanta. Nimeitumia mwaka mzima na kidude cha kawaida, haijawahi kuungua. Sasa nimeogopa.

---

Fundi Tabata

Asante dada. Angalia kwenye mpini au pale waya unapoingilia. Pasi nyingi za nywele za siku hizi zimeandikwa 110-240V, zinatengenezwa makusudi kwa wasafiri. Kama umeitumia mwaka mzima, karibu hakika ni ya aina hiyo, ila soma ujiridhishe. Drai ya kukaushia nywele ndiyo ya kuogopa: nyingi ni za 120 tu, na zile za safari zina kiswichi cha 125/250 kinachogeuzwa kwa sarafu au bisibisi. Mtu akisahau kukigeuza, nyaya za ndani zinawaka nyekundu kama mkaa.

---

Dala wa Kisumu

Ndugu Fundi, pole kwa yaliyompata mama. Umeeleza vizuri, ila kuna mahali umekosea na kama sinyamazi ni kwa nia njema. Umesema miguu miwili bapa ni 110. La. Mimi nanunua mali Guangzhou, naenda mara mbili kwa mwaka. China stima yao ni volti 220, hezi 50, na vifaa vyao vingi vidogo vina miguu miwili bapa sawasawa na ya Marekani. Ukifuata kanuni yako, mtu atanunua transfoma ya bure kwa blenda ya China ya 220, halafu aseme blenda mbovu haina nguvu.

Na kinyume chake kipo, ndicho kilinichoma mimi. Kuna muuzaji kule alinipa birika za stima kwa bei ya kutupa, katoni 12. Plagi zilikuwa za miguu mitatu ya mraba, kama zetu kabisa. Nikafurahi, hata adapta sihitaji. Kufika Kisumu nikajaribu moja kwenye duka: maji kidogo yalichemka kabla sijamaliza kufunga kifuniko, kisha pah, giza. Chini ya birika: 110V. Zilikuwa zimetengenezwa kwa soko lingine, zikabaki, wakazibadilisha plagi tu. Tangu siku ile nikifika ghalani sitazami plagi. Nageuza kitu juu chini, napiga picha kibandiko, ndipo tunaongea bei.

---

Fundi Tabata

Umenirekebisha kwa haki kabisa ndugu yangu, na naomba wote wanaosoma waifute ile sentensi yangu ya miguu bapa. Plagi inaonyesha kifaa kilikusudiwa soketi gani, basi. Volti zinasomwa kwenye kibandiko. Pole kwa katoni 12.

---

Kinyozi Nyakato

Mimi ni kinyozi Mwanza. Mashine zetu za waya kutoka Marekani tunazipenda kwa sababu zina nguvu. Nilinunua transfoma ya kushusha, kubwa, ya wati 500, mashine yenyewe haifiki hata wati 20. Volti nimepima kwa mita, zinatoka 115. Lakini mashine inagonga, kelele taktaktak, na inang'ata nywele badala ya kukata. Mafundi wawili wamenambia transfoma mbovu. Kweli?

---

Fundi Tabata

Transfoma yako ni nzima mkuu. Tatizo ni hezi, na hizo transfoma haiwezi kuzigusa. Inashusha volti tu. Ikipewa hezi 50 inatoa 50.

Mashine yako haina mota ya kuzunguka. Ina sumaku inayovuta na kuachia wembe, na spring inayourudisha. Kwa umeme wa hezi 60 wembe unakwenda na kurudi mara 7,200 kwa dakika, na spring yake imepimwa kwa mwendo huo. Kwetu inakwenda mara 6,000. Spring na sumaku hazipatani tena, ndiyo kugonga huko. Ubavuni kuna skrubu ndogo ya kurekebishia nguvu. Washa mashine, geuza skrubu hiyo taratibu, kidogo kidogo, mpaka kelele iishe. Itanyamaza, ila haitafikia ile kasi ya kwao. Mwenye uwezo aagize toleo la 220-240V 50Hz la mashine hiyohiyo, lipo, au ya kuchaji, ambayo haijali hezi.

---

Kinyozi Nyakato

Nimeizungusha kama nusu raundi. Imenyamaza! Miezi minne nimevumilia kelele ile, wateja wanakunja uso. Ubarikiwe sana fundi.

---

Mswahili Maskati

Assalaam alaykum ndugu zangu. Naongezea la huku Ghuba, maana watu wetu wanatuma mizigo mingi kwa jahazi na makontena kwenda Unguja, Mombasa na Tanga.

Oman ni volti 240, hezi 50, plagi ya miguu mitatu ya mraba kama nyumbani. Ukinunua friji Maskati ukaipeleka Unguja unachomeka tu. Imarati vilevile, na Qatar. Saudia ndiyo iliyo mbali na wenzake: umeme wao ni hezi 60. Zamani majumba mengi yalikuwa na volti 127, sasa wanahamia 230, na soketi zao siku hizi ni za mraba kama zetu. Basi mtu ametoka Umra na friji ama mashine ya kufulia, anaiona plagi ni ileile, volti zinalingana, akadhani kila kitu sawa. Kaka yangu wa Wete alipelekewa friji ya namna hiyo, imeandikwa 60Hz peke yake. Inafanya kazi, lakini kompresa ina moto hata ukiigusa kwa mkono huwezi kuuacha, na haipumziki usiku kucha.

---

Fundi Tabata

Alaykum salaam shekhe. Hili la Saudia ni muhimu sana na wengi hawalijui. Kompresa iliyotengenezwa kwa hezi 60 ikipewa 50 inazunguka kwa kasi ya tano kwa sita, karibu asilimia 17 chini, na koili yake inavuta umeme zaidi ya ilivyopimwa, ndiyo joto hilo. Mwambie kaka aiweke mbali na ukuta ipate hewa, na asiijaze. Na wanaonunua huko watafute kibandiko cha 50/60Hz.

Hilo la hezi linahusu pia maikrowevu za Marekani. Watu wananiuliza kila wiki: "nikinunua transfoma kubwa ya wati 3000, si itafanya kazi?" Ndani ya maikrowevu nyingi mna transfoma nyingine nzito iliyopimwa kwa hezi 60. Kwenye 50 inapata moto hata volti zikiwa sahihi. Hata saa yake, kama inahesabu mawimbi ya umeme, itachelewa dakika 10 kila saa. Mimi siungi maikrowevu ya 60Hz nyumbani kwa mteja, hata anilipe nini.

Vitu vya joto tupu, kama pasi na birika, havijali hezi. Blenda na mikseri zenye mota ya brashi, zile zenye kelele ya kulia, nazo hazijali sana. Zipe volti zake tu.

---

Mama Tunu

Mimi kaka yangu amenitumia sufuria ya umeme ya presha kutoka Houston. Nimesoma kibandiko kama mlivyosema: 120V~ 60Hz 1000W. Iko jikoni kwenye boksi wiki ya tatu. Ninunue transfoma ya ukubwa gani? Na je, hivi vidude vyepesi vilivyoandikwa "converter 2000W" vinafaa? Nimeviona, vinatosha kiganjani, bei nafuu.

---

Fundi Tabata

Mama, hongera kwa kusoma. Hivyo vya kiganjani usinunue kwa sufuria hiyo. Havishushi umeme kwa koili, vinakata vipande vya wimbi ili wastani wake upungue. Waya wa joto unaweza kuvumilia, drai ya nywele kwa dakika tano hotelini inapita. Lakini sufuria yako ina kompyuta ndogo inayohesabu presha na dakika, na hiyo ikilishwa wimbi lililokatwakatwa inaharibika. Na huwezi kukiacha kidude hicho saa nzima kikipika maharage.

Transfoma halisi ina chuma na shaba. Kipimo changu dukani ni mkono: ya wati 1500 ni kilo kadhaa, huiinui kwa vidole viwili. Muuzaji akikupa nyepesi kama redio ya mfukoni imeandikwa 1500, imeandikwa tu. Kwa kifaa cha joto ongeza angalau robo juu ya wati zake, kwa hiyo kwako kuanzia 1250, mimi ningechukua 1500. Kwa kitu chenye kompresa au mota nzito zidisha mara mbili au tatu, kwa sababu inapoanza kuzunguka inavuta mno.

Halafu zimeni ukutani mkimaliza kupika. Transfoma iliyoachwa imechomekwa inakula uniti za LUKU usiku kucha hata kama hakuna kitu juu yake. Iguse utaikuta na joto.

Nikuambie na la moyoni. Ukijumlisha bei ya transfoma nzuri, mara nyingi unakuwa umekaribia bei ya sufuria mpya ya 230 hapa mjini, yenye vipuri na fundi. Siku nyingine kaka akitaka kukununulia kitu, mwambie akutumie hela.

---

Mama Tunu

Nimekuelewa mwanangu. Ila hii ameinunua kwa mshahara wake wa kwanza kule, siwezi kuirudisha. Nitanunua transfoma.

---

Fundi Tabata

Basi mama, nunua ya 1500 na uiweke sakafuni au kwenye meza imara, isifunikwe kitambaa, mbali na sinki. Ukipata shida niandikie hapahapa.

---

Kijana wa Mbezi

Kwenye Alphard ya baba nyuma kuna soketi ya miguu bapa imeandikwa AC100V 1500W. Naweza kuchomeka pasi ya nyumbani?

---

Fundi Tabata

Hiyo gari ilitengenezwa kwa ajili ya Japani, ndiyo maana ya volti 100. Chaja ya laptop na ya simu zitafanya kazi bila shida. Pasi ya nyumbani ya wati 2000 za volti 230 itapata volti 100 badala ya 230, na joto lake litakuwa kama wati 380. Haitaungua, haitanyoosha pia. Kinachoungua ni kwenda upande wa pili: spika na amplifaya za Japani zinazokuja ndani ya magari ya mitumba, mtu anazichomeka ukutani. Hata transfoma ya 110 ya Marekani inazizidishia. Tafuta iliyoandikwa 100V.

---

Mzazi Iringa

Binti anakwenda Halifax, Kanada, mwezi wa nane kusoma. Mama yake ameshaweka kwenye begi pasi, birika na jiko la koili. Nimnunulie transfoma ya kupandisha?

---

Fundi Tabata

Hapana mzee, toa hivyo vyote begini. Birika la hapa la wati 2000 likichomekwa kwenye volti 120 linabaki na wati 545 hivi, chai itachelewa. Na soketi ya kawaida kule ina mwisho wa ampea 15, wati 1800, kwa hiyo jiko kubwa kwa transfoma litaangusha swichi. Mnunulie vidude viwili vya kugeuza plagi yetu ya mraba kwenda bapa, kwa ajili ya laptop na simu. Birika atanunua kulekule. Na aulize kwanza bweni linaruhusu nini, majiko mara nyingi hayaruhusiwi vyumbani.

---

Mchaga wa Leipzig

Naomba kusema la Ulaya, maana linaonekana salama na siyo salama sana. Ujerumani ni 230, hezi 50, sawa na nyumbani. Kwa hiyo tunatuma pasi, mashine za kufulia, kila kitu, na tunawaambia "ni plagi tu." Kweli ni plagi tu. Lakini plagi ya Kijerumani, ile nene ya miguu miwili ya duara, ethi yake (njia ya usalama inayopeleka ardhini umeme unaovuja) iko ubavuni, vipande viwili vya chuma juu na chini. Vile vidude vya bei rahisi vya "dunia nzima" vina matundu yanayopokea ile miguu miwili, na ubavuni hakuna kitu. Kifaa kinawaka, ethi haipo. Mashine ya kufulia ya mama mkwe Moshi ilikuwa inamtekenya vidole kila akigusa mlango, akadhani ni baridi. Niliporudi likizo nikakata plagi, nikafunga ya mraba ya ampea 13 na ethi yake, kutekenya kukaisha.

---

Fundi Tabata

Hii ningeomba isomwe mara mbili. Mashine ya kufulia, birika, pasi, friji, kila kifaa chenye bodi ya chuma na waya wa tatu, kibadilishiwe plagi na fundi. Vidude vya safari ni vya safari.

Na kuna jambo tunalolifanya wote, nami nililifanya nikiwa kijana: kuingiza peni au kijiti cha kiberiti kwenye tundu la juu ili chaja ya miguu miwili ya duara iingie kwenye soketi ya mraba. Soketi hiyo ni ya Kiingereza, ya mwaka 1947. Mguu wa juu, wa ethi, umefanywa mrefu kuliko mingine makusudi: unaingia kwanza na kufungua vile vijilango vinavyoziba matundu mawili ya chini, ili kidole cha mtoto au msumari usifike kwenye umeme. Ukitumia kijiti unavunja ulinzi huo, miguu ya duara inakaa kwa kulegea, inatoa cheche, na fyuzi iliyokuwa ndani ya plagi ya mraba haipo tena. Nimebadilisha soketi nyingi zilizoyeyuka upande mmoja, na nikiuliza naonyeshwa kijiti.

---

Mwanafunzi UD

Kwani ilikuwaje dunia isikubaliane tangu mwanzo?

---

Dala wa Kisumu

Kila mtu alianza na mashine zake. Edison aliuza stima New York mwaka 1882 kwa volti kama 110, na Marekani ikajengwa juu ya hapo. Wajerumani wakaona ukipandisha mpaka 220 waya uleule wa shaba unabeba mzigo zaidi, Ulaya ikafuata. Japani ndiyo ya ajabu: Tokyo walinunua mitambo ya Ujerumani ya hezi 50, Osaka wakanunua ya Marekani ya hezi 60, na mpaka leo nchi ile imegawanyika kati, mashariki 50, magharibi 60. Sisi tulipata ya Mwingereza. Rwanda na Burundi walipata njia ya Mbelgiji, ndiyo maana ukivuka mpaka na chaja yako ya Nairobi haiingii, ingawa volti hazitofautiani sana.

---

Mlezi wa Baba

Nimesoma uzi wote. Baba yangu anakatika pumzi usingizini, madaktari wamesema atumie mashine ya kumsukumia hewa. Mjomba wa Toronto ametuma moja, imefika leo saa kumi. Plagi bapa, miguu mitatu. Baada ya kusoma kisa cha mama yako sijaigusa. Fundi, na wewe mama mlimnunulia nini?

---

Fundi Tabata

Mama nilimnunulia nebulaiza ya 230V 50Hz hapahapa Dar, duka la vifaa vya hospitali. Nilifikiria transfoma kwa nyingine ya Marekani nikakataa, kwa sababu pampu ikizunguka taratibu mvuke unapungua, na dawa inapungua nayo.

Ya baba ni tofauti na ina matumaini. Fuata waya mpaka kwenye kile kiboksi cheusi katikati, usisome mashine, soma kiboksi. Niandikie mstari mzima wa INPUT, neno kwa neno. Na utazame kama kile chombo cha maji ya kupasha unyevu kinapata umeme kutoka kwenye mashine yenyewe au kina waya wake.

---

Mlezi wa Baba

Nimetumia tochi ya simu, maandishi madogo mno. INPUT: 100-240V~ 50-60Hz. Chombo cha maji kimebanwa kwenye mashine, hakina waya mwingine. Waya unaotoka kwenye kiboksi kwenda ukutani unachomoka.

---

Fundi Tabata

Safi sana. Hiyo inakubali umeme wetu jinsi ilivyo, haihitaji transfoma. Kwa kuwa waya unachomoka, usitumie hata kidude. Nenda na huo waya dukani, uwaonyeshe ule mwisho unaoingia kwenye kiboksi, wakupe wenye mdomo kama huo na plagi ya mraba upande wa pili. Ni uleule wa kompyuta za mezani au wa laptop, upo kila mahali. Hakikisha ndani ya plagi mna fyuzi ya ampea 3 au 5. Mipangilio ya presha ya hewa aithibitishe daktari wake, hiyo siyo kazi ya fundi.

---

Mlezi wa Baba

Nimepata waya kwa shilingi elfu nne, fyuzi ya 3. Leo asubuhi tumeipeleka kwa daktari, ameipima na kuiweka sawa. Baba amelala nayo mchana huu kwa kuijaribu, nimekaa mlangoni namsikiliza. Hakoromi.